Usingizi wa Mnyama Mwenye Sukari

Mmenisumbua vya kutosha. Tangu nistaafu kila simu ni ile ile: Mama Nanjala, tuandikie kitu, hawa wapya hawajui tulikotoka. Haya, nimeandika. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Mambo ya mshahara na kupandishwa cheo sitayagusa, hayakuwahi kumwamsha mnyama yeyote. Nataka niwaambie jambo moja tu, jinsi tulivyojifunza kumlaza mnyama mwenye ugonjwa wa sukari kwa dawa ya usingizi, na kumwamsha tena. Tulijifunza kwa panya. Halafu siku ikafika tukalazimika kufanya hivyo kwa Bi Mkubwa, tumbili mzee niliyekuwa nikimtunza, na hapo ndipo tungejua kama tulikuwa tumejifunza au tulikuwa tunajidanganya.

Kabla ya kazi hiyo nilikuwa nafua nguo za watu kwenye magorofa ya Parklands. Mama mmoja niliyemfulia ndiye aliyeniambia kuna nyumba ya wanyama wa utafiti huku juu, kando ya Waiyaki Way, wanatafuta mtu wa kuosha vizimba. Nilikuwa nakaa Kinoo, hapa hapa nilipo sasa, kwa hivyo kwangu ilikuwa ni kuteremka tu. Nilidhani nitakuta mbwa. Nikakuta panya weupe, chumba kizima, chumba cha pili sungura, na mwisho kabisa, nyuma ya milango miwili, tumbili. Harufu ilinipiga nikarudi nyuma. Mzee aliyekuwa amesimama mlangoni hakucheka.

"Umejipaka nini?" akaniuliza.

"Mafuta tu ya kawaida."

"Nenda kanawe mpaka viwikoni. Hawa wakusoma kwa pua, bibi. Leo ukija na harufu hii, kesho na ile, hutawaona wakitulia."

Huyo ndiye Mzee Athumani, msimamizi wa wahudumu. Alikuwa mtu wa Mombasa, mrefu, kofia haimtoki kichwani, anakaa katikati ya jiji karibu na msikiti wake, na bado anafika kazini kabla yetu tuliokuwa tunakaa karibu. Sijui kama aliwahi kupaza sauti. Alinifundisha kusimama mlangoni kwanza na kusikiliza kabla ya kuingia, kwa sababu chumba cha wanyama wazima kina sauti yake, na ikibadilika unajua kuna mgonjwa hata kabla ya kumwona. Alinifundisha kuanza na panya ndipo niende kwa tumbili, nisirudi kwa panya siku hiyo tena, nisije nikawapelekea maradhi. Alinionyesha jinsi ya kumbeba panya kwa kumshika chini ya kifua. Nilikuwa nataka kumbeba kwa mkia kama mtu aliyeshika mzizi. Bi Mkubwa ni yeye aliyempa jina. Alikuwa tumbili mdogo wa kike wakati huo, lakini chakula kikiingia hakuna mwingine anayethubutu kugusa mpaka yeye achague.

Kanisani kwetu wapo walioniuliza kama sioni vibaya kufanya kazi mahali wanyama wanakatwa. Niliona vibaya mara nyingi. Lakini kazi ilikuwa inafanyika, niwepo nisiwepo, na niliona afadhali wawe na mtu anayejali kama wana baridi. Jibu langu ni hilo. Asiyelipenda akae nalo.

Mzigo wa kwanza mzito ulikuja na panya wa sukari. Mtafiti mmoja alitaka kujua kwa nini kidonda cha mtu mwenye sukari hakiponi. Sikuhitaji kuelezwa umuhimu wake, shangazi yangu kule Bungoma alikatwa mguu kwa kidonda kilichoanza na kiatu kipya. Panya wale walidungwa dawa inayoharibu kongosho, ile nyama ya tumboni inayotengeneza insulini, na haukupita muda wakabadilika. Chupa ya maji unaijaza asubuhi, mchana imekauka. Maranda ya kulalia yanalowa kama mtu amemwagia ndoo. Wanakula kama wametoka jela na bado wanakonda, manyoya yamesimama. Maranda yao tuliyabadilisha mara nyingi kuliko ya wengine, na leo mkisikia mtu ananung'unika kuhusu maranda, mwambieni panya aliyelala kwenye maji anapoteza joto, na panya mwenye baridi ukimpa dawa ya usingizi umemmaliza.

Kila panya alitakiwa kulazwa kidogo, afanyiwe kidonda kidogo mgongoni, kifungwe, aamke. Dawa zilikuwa mbili, ketamini na zailazini, zikichanganywa kwenye sindano moja. Panya wasio na sukari waliamka wakiyumba kama walevi wa Jumamosi, wakaenda kunywa maji. Wenye sukari waliendelea kulala. Wengine waliamka jua likienda kuzama. Wengine hawakuamka.

Tukasema dozi ni kubwa. Ikapunguzwa. Sasa ukimfinya kidole cha mguu anauvuta, na anayevuta mguu hajalala, hukati. Ukiongeza kidogo, hapo tena haamki. Mtafiti akapewa onyo na kamati inayolinda wanyama wa utafiti: wakiendelea kufa, kazi inasimamishwa, na panya wote waliobaki wanauawa. Mzee Athumani aliposikia hivyo alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akatazama mikono yake. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa saa za kazi.

Hapo ndipo alipokuja Daktari Akinyi. Daktari wa wanyama, msichana wa mtaa wa Woodley, mfupi, sauti ndogo, viatu vya mpira vinamzidi. Nilimwona mtoto, na sikuficha. Siku ya kwanza hakugusa kitu. Alisimama kando akaangalia panya mmoja analazwa, anafanyiwa kidonda, anafungwa, anawekwa pembeni, na haamki. Ndipo akaomba kile kipimo cha sukari cha watu, cha kuchoma kidole. Akamchoma panya kwenye mkia, tone moja. Kile kimashine hakikutoa nambari. Kiliandika tu kwamba sukari iko chini kupita kinavyoweza kusoma.

"Chini?" akasema Mzee Athumani. "Si huyu ndiye mwenye sukari nyingi?"

"Ndiyo maana hakuna aliyepima, Mzee."

Akamdunga glukosi tumboni, ya uvuguvugu. Tukasimama hapo. Baada ya muda sharubu zikaanza kucheza.

"Mtu sukari ikimshuka anatetemeka," Daktari akasema, huku hajaondoa macho kwa panya. "Anatoka jasho, anakwambia anaona giza. Huyu tumempa dawa ya kumfanya asitetemeke na asisikie kitu. Ubongo unakufa njaa na sisi tunaona amelala vizuri."

Akatuita sote kwenye meza ya chai. Wa nne alikuwa Mutiso, kijana wa maabara aliyekuwa upande wa mtafiti. Alikuwa anaingia asubuhi kabla ya wahudumu, anawadunga panya insulini, anatoka. Tulikuwa tunakutana naye kwenye korido tu. Mnamjua, ana maneno mengi, na alikuwa nayo hata wakati huo.

"Nani aliwanyima chakula jana jioni?" Daktari akauliza.

"Sisi," nikasema. Kila mhudumu alijua. Mnyama wa kupasuliwa kesho anaondolewa chakula jioni, na kizimba kinawekwa kibanio chekundu cha nguo ili mtu wa asubuhi asije akampa kitu. Desturi hiyo niliikuta, na Mzee Athumani naye aliikuta.

Mutiso akainua kichwa. "Hiyo vibanio nyekundu? Mimi nilidhani mnaanika vitambaa."

"Insulini ulidunga?" Daktari akamuuliza.

"Kila asubuhi, Daktari. Dozi kamili. Karatasi inasema kila asubuhi."

Mnaelewa? Kibanio kilikuwa kinaongea na wahudumu, karatasi inaongea na mtu wa sindano, na panya yuko katikati, tumbo tupu, na insulini kamili inamaliza ile sukari kidogo iliyobaki mwilini. Kila mtu alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, na panya wamekufa.

"Na chakula mnawanyima kwa nini?" Daktari akaendelea. Hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua.

"Wasitapike, mwanangu," Mzee Athumani akasema. "Mnyama akitapika amelala, matapishi yaenda kwenye mapafu."

"Mbwa, sawa. Tumbili, sawa kabisa. Panya hatapiki, Mzee. Hata akitaka hawezi, mwili wake haukuumbwa hivyo."

Mzee Athumani alikuwa amelelewa kazini na mbwa na tumbili, na hakuna aliyewahi kumwambia panya ni tofauti. Akaweka kikombe chini polepole.

"Yaani siku zote hizi twawafungisha saumu," akasema, "na daku hatukuwapa."

Mutiso alipaliwa na chai. Hata mimi nilicheka, na mimi si mtu wa kucheka kazini.

Kulikuwa na upande wa pili. Panya wengine wa utafiti ule hawakuwa wanapewa insulini kabisa, na hao nao walikuwa hawaamki, wakati sukari yao iko juu. Daktari Akinyi alitueleza siku nyingine, akichora kwa chaki sakafuni. Mnyama ambaye sukari imempanda anakojoa maji yote ya mwili. Anaingia kwenye usingizi amekauka tayari, damu haimtoshi, moyo umechoka. Sasa ile zailazini peke yake inapandisha sukari zaidi, na inaongeza mkojo, na inapunguza mwendo wa moyo. Kwa panya mzima si kitu, anaamka. Kwa huyu ni kumwongezea mzigo mtu ambaye magoti tayari yanamtetemeka. Akawahamisha kwenye gesi ya usingizi, wanavutishwa kwa kibarakoa kidogo, kwa sababu gesi ukiifunga inatoka kwa pumzi na mnyama anaamka upesi, huhitaji kungoja ini na figo zifanye kazi. Mtafiti alilalamika kwamba wa mwanzo walilazwa kwa sindano na hawa kwa gesi, hesabu zake zitachanganyika. Daktari akamwambia aanze upya na kundi jipya, maana hesabu za panya waliokufa kwa baridi na njaa hazikuwa zinamwambia lolote kuhusu vidonda. Alianza upya. Kwa hilo nampa heshima.

Basi tukabadilisha kila kitu. Panya wa sukari hawanyimwi chakula usiku kucha. Kibanio kikaendelea kuwepo kwa wanyama wanaotapika, lakini Mutiso akafundishwa kukisoma, na kabla ya upasuaji sote tunakunywa chai pamoja, kila mtu anasema kwa mdomo wake amempa nini mnyama gani. Wenye sukari wanakuwa wa kwanza asubuhi, ili wawahi kuamka na kula. Insulini inapunguzwa. Mkia unachomwa kabla, katikati na baada. Macho yanapakwa mafuta, kwa sababu panya analala macho wazi na yanakauka, na wa sukari yanakauka mbio zaidi. Maji ya chumvi ya uvuguvugu chini ya ngozi.

Na joto. Siku hizo hatukuwa na zile blanketi za kupuliza hewa mnazotumia. Mzee Athumani alikuwa anajaza maji ya moto kwenye glavu, anaifunga fundo, anaizungushia kitambaa, anamwekea panya ubavuni. Ukiiona ile glavu unadhani kuna mtu mnene amekatwa mkono. Inafaa sana, lakini isikilizeni vizuri: bila kitambaa inaunguza, na mnyama aliyelala hatakwambia anaungua, na mwenye sukari hilo jeraha halitapona. Ikipoa usiiache pale, maana sasa inageuka kumnyonya joto. Glavu ya moto ni kazi ya mtu aliyesimama, si ya mtu aliyekwenda kupiga soga.

Waliacha kufa. Sisemi hakuna hata mmoja aliyekufa tena, nasema ilifika wakati panya wa sukari akifa tulishangaa, na zamani tulikuwa tunashangaa akiamka.

Mzee Athumani alistaafu, akarudi Mombasa kwa wanawe. Alikuwa ananipigia simu Ijumaa baada ya swala, anauliza hali za wanyama kwanza, kisha yangu. Mimi nikaachiwa chumba cha tumbili. Bi Mkubwa alikuwa amezeeka na kunenepa, akiketi tumbo linakaa mapajani kama mfuko. Asubuhi moja nikakuta sisimizi wamejipanga kwenye mfereji wa mkojo chini ya kizimba chake, na kwa wengine hakuna. Nikamwita Daktari Akinyi. Akawaangalia wale sisimizi kwanza, wala hakumwangalia tumbili, akasema, "Loo, Mama." Akapima. Ilikuwa sukari. Hakuna aliyemdunga dawa ya kuharibu kongosho, yake ilikuja yenyewe, kwa umri na uzito, kama inavyowajia watu.

Nikamwondolea ndizi, akaninunia. Nikampa sukuma wiki, kabichi, njugu chache. Daktari akanifundisha jinsi ya kumzoesha sindano bila kumkamata: akileta paja kwenye wavu anadungwa, na papo hapo anapata kipande cha yai la kuchemsha. Alielewa haraka kuliko Mutiso alivyoelewa vibanio. Tukaishi hivyo muda mrefu, sindano na yai, yeye na mimi, na sukari ikatulia.

Halafu akavimba uso. Chini ya jicho la kushoto, upande wa lile jino refu. Akaacha njugu, akaacha kabichi, akawa anakaa ameshika shavu kama mtu. Sukari ikaruka, insulini ikawa kama maji. Wakubwa wakaja, wakamwangalia, wakasema ikifika Ijumaa akiwa vile, alazwe kabisa, asiteseke. Hawakusema vibaya. Ningekuwa mimi si mimi, ningesema hivyo hivyo.

Daktari Akinyi akanikuta stoo nikipanga ndoo ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Mama, nikwambie ukweli?"

"Sijakuja kazini kuambiwa uongo."

"Usaha wa jino ndio unapandisha sukari, na sukari ndiyo inalisha usaha. Haitashuka mpaka jino litoke. Jino halitoki mpaka alale. Na kumlaza na sukari ile..."

"Anaweza asiamke."

"Anaweza asiamke. Ni mzee, moyo siujui, figo nina wasiwasi nazo."

"Wewe ungefanya nini?"

Alifikiria. Nilimpenda kwa hilo, hakuwa na jibu mfukoni. "Ningeomba leo na kesho. Nimpe dawa ya usaha, nimpe maji, nishushe sukari kidogo. Kidogo tu, sitaki iwe ya kawaida, isije ikaanguka akiwa amelala na nisiione. Halafu Alhamisi asubuhi, yeye wa kwanza, ning'oe."

"Basi omba."

"Nikiomba na akafa, Mama, atakuwa amekufa mikononi mwangu."

"Na usipoomba atakufa mikononi mwangu Ijumaa," nikamwambia. "Nenda kaombe."

Akaenda, wakamkubalia.

Jumatano tulikaa kwenye meza ya chai. Mutiso alikuwa mtu mzima sasa, ana kitambi na watoto. Tukapeana kazi kwa mdomo. Chakula kitaondolewa jioni, kwa sababu tumbili anatapika. Insulini nusu ya dozi, asubuhi, na Daktari akiwepo. Mutiso anapima sukari, mimi joto.

"Na ukiona kibanio chekundu," nikamwambia Mutiso, "hatujaanika."

"Mathe, hiyo maneno utaenda nayo kaburini."

"Nitaiacha kwa mke wako aitunze."

Alhamisi asubuhi Bi Mkubwa alileta paja kwenye wavu kama kawaida, na uso ule umevimba. Akadungwa ile nusu. Kisha akatoa mkono nje ya wavu kuomba yai. Sikuwa nalo. Akauacha mkono pale pale, ameufungua, ananiangalia. Nilimwambia, "Baadaye," nikageuka. Katika kazi yote ile sikumbuki kitu kilichonishinda kama ule mkono.

Alipewa ketamini kidogo tu ya kumlegeza, kisha mpira wa kupumulia ukaingizwa kooni na gesi ikafunguliwa. Zailazini haikuletwa hata mezani. Mutiso akawa anasoma nambari kwa sauti, nami namfunika miguu na mkia, maana tumbili anapotezea joto huko. Sukari ilikuwa juu mwanzoni, kisha ikaanza kuteremka kwa mwendo ambao Daktari hakuupenda. Akafungua dripu ya glukosi, matone ya polepole, sukari ikaacha kushuka. Jino lilitoka kwa vipande, na usaha nyuma yake. Harufu ile siwaelezei. Daktari akasafisha, akashona, akafunga gesi, akasema sasa ataamka.

Hakuamka.

Tulikuwa tumezoea tumbili akifungiwa gesi, muda si muda anameza mate. Bi Mkubwa alipumua tu, polepole, na kati ya pumzi na pumzi unapata nafasi ya kuwaza mambo mengi. Mutiso akapima. Sukari nzuri. Joto limeshuka kidogo, nikaongeza blanketi. Akapima tena. Nzuri.

"Daktari, mpe ile ya kuamsha," Mutiso akasema.

"Ile ni ya dawa nyingine. Ketamini haina ya kuamsha. Anaitoa mwenyewe, na figo zake zimechoka."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo hatuongezi kitu. Anakaa joto, tunapima, tunangoja."

Kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote mle ndani, na ndiyo wengi wenu hamuiwezi. Mtu mwenye wasiwasi anataka mikono yake ifanye jambo. Daktari Akinyi aliweka mikono yake mfukoni. Mimi nilimshika Bi Mkubwa unyayo. Ulikuwa mkavu, mgumu kama wa mtu anayelima. Nilikuwa nimeona panya wengi wakiishia hapo, wanapumua vizuri, kisha wanapumua kidogo, kisha unaona manyoya hayapandi tena.

"Mathe, kaa chini," Mutiso akaniambia.

"Kaa wewe."

Hakukaa. Tukasimama watatu. Mutiso akapima tena, na tena.

Kisha koo likacheza. Mara moja, halafu mara ya pili, akameza. Daktari akawahi kuuvuta mpira. Bi Mkubwa akakohoa, akageuza kichwa, akafungua macho ambayo hayakuwa yanaona kitu. Akayafumba. Nikahisi vidole vya mguu vinajikunja mkononi mwangu. Akafungua tena, na safari hii akanitafuta, akanipata, akainua nyusi juu mpaka kope zake nyeupe zikaonekana, na kichwa akakisukuma mbele. Tumbili anayekufanyia hivyo anakutukana. Anakwambia ondoka kabla sijakuuma.

"Ananitukana," nikasema.

"Anatukana?" Daktari akaja karibu. Bi Mkubwa akarudia, akamtukana na Daktari. Msichana yule akacheka mpaka akajishika mezani, na machozi yanamtoka, na Mutiso akatoka nje akisema anaenda kutafuta maji, na maji yalikuwa pale pale kwenye bomba.

Mara alipoweza kukaa nilimpa yai, nusu, limepondwa, kwa sababu mwenye sukari hakai na njaa baada ya kuamka. Alilichukua kwa hasira. Ijumaa wakubwa walipokuja walimkuta anakula kabichi kwa upande mmoja wa mdomo. Wiki ile ile sukari ikaanza kushuka, na insulini ikarudi kufanya kazi. Mzee Athumani alipopiga simu nilimwambia, naye akasema, "Alhamdulillahi. Na yai alipewa?" Nikamwambia alipewa.

Nilipostaafu nilimwacha anakula. Kwa mtu wa kazi ile hiyo ni bahati kubwa, maana tunaondoka na wengi wa kuwalilia. Mtamtunza na siku yake itafika, ni mzee, nami nimeshajua hivyo. Watu hapa Kinoo wananiuliza kama naikosa kazi. Nawakosa wanyama na nawakosa nyinyi, wengine wenu. Lakini jioni nikiweka kichwa kwenye mto nalala mpaka asubuhi, na sisikilizi kama kuna yeyote anapumua.